Barua Haina Kidole

Kwetu asubuhi inaanza kwa kugonga vyungu. Mke wangu Kisa ni mfinyanzi. Kwao ni Ikombe, kwa Wakisi, pale mlima unapoingia ziwani. Wanawake wa kule wanafinyanga tangu wadogo. Mimi kazi yangu ni kugonga. Unachukua chungu kilichotoka motoni jana, unakigonga kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Kizima kinalia. Chenye ufa kinakohoa. Kinachokohoa tunakiweka pembeni, kuku watanywea maji. Vizima navipanga mtumbwini, na majani makavu katikati, tunapeleka sokoni.

Jina langu ni Anyelwisye. Nalisema mapema, maana jina hilo nusura liniharibie mambo. Shule nilisoma mpaka darasa la pili. Baadaye nilibeba mizigo bandarini Itungi, siku zile meli zinakuja na kuondoka. Kiingereza nilichokiokota pale ni "yes sir" na "careful". Hiyo "careful" nilijua maana yake siku sanduku liliponiangukia mguuni. Lakini hayo tuyaache, nataka kusema habari za macho.

Miaka mitatu iliyopita macho yangu yaliingia ukungu. Nikadhani ni moshi wa kuchomea vyungu. Nikaosha, nikaosha tena. Ukungu haukutoka. Jicho la kushoto ndilo lilikuwa baya zaidi. Mdogo wangu Lazaro, nyumba yake imetazamana na yangu, naye ikawa hivyo hivyo, ila yeye la kulia. Tukipanda mtumbwi, tulikaa kwa kupanga. Mimi natazama kulia, yeye anatazama kushoto. Lazaro alikuwa anasema, "Kaka, tukijumlishwa tunapata mtu mmoja mzima."

Siku moja huyo mtu mzima aligonga jiwe. Jiwe lenyewe lipo pale tangu babu yetu. Mtumbwi ukapasuka ubavuni. Lazaro akaanguka majini na vyungu kumi na moja vikavunjika. Alipotoka nje alikuwa bado ameshika kifuniko kimoja mkononi. Kisa hakutugombeza. Alikusanya vipande, akakaa navyo. Hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Kulikuwa na jambo jingine sikumwambia mtu. Kisa akimaliza chungu, kabla hajakichoma, anakichora shingoni kwa udongo mweupe. Kila mfinyanzi ana mchoro wake. Mchoro wa Kisa ulikuwa mstari mmoja na nukta chini yake. Mimi nilikuwa nikiona chungu chake sokoni katika vyungu mia, nakijua. Sasa nilikuwa nakipapasa. Na mchoro haupapasiki. Kidole kinapita juu yake hakiambiwi kitu.

Tukaenda zahanati. Nesi akatumulika kwa tochi.

"Wazee wangu, huu ni mtoto wa jicho," akasema. "Unatolewa. Mtaona tena."

"Mtoto gani huyu?" akauliza Lazaro. "Wa kwangu atakuwa na mvi sasa."

Nesi akacheka. Akasema, "Mwezi wa saba wanakuja madaktari wa macho kutoka nje. Watakuwa hospitali ya misheni kule juu. Orodha ya wagonjwa wanaiandika huko huko kwao, kabla hawajaja. Kwa hiyo iandikwe barua kwa Kiingereza. Mgonjwa ni nani, anaumwa nini, ana ugonjwa gani mwingine, dawa gani inamkataa. Leteni karatasi, nitaipiga picha nitume."

Nikamwambia, "Mwandishi wa barua yupo. Yuko jikoni kwangu."

Nilikuwa namsema Janeth, mke wa mwanangu Aliko. Aliko yuko Tunduma, anaendesha lori. Janeth amemaliza kidato cha nne. Nyumbani kwetu hakuna aliyefika mbali kama yeye.

Sasa sikiliza kidogo. Sisi Wanyakyusa, mke wa mwanao haongei nawe uso kwa uso. Hakutazami. Akikuona njiani anaingia migombani mpaka upite. Na jina lako halitaji, hata nyumba ikiwaka moto. Tunaita ukutila. Si ugomvi, ni heshima. Siku hizi wengi wameacha, hasa waliokaa mjini. Janeth hakuacha. Mama yake alimfundisha, naye akashika.

Basi akitaka kuniambia jambo, anakiambia chungu. Anasimama jikoni nyuma ya ukuta wa mianzi, anasema, "Chungu, ndizi zimeiva." Mimi niko barazani nasikia. Najibu, "Chungu, nanawa mikono." Tumeishi hivyo miaka sita na hatujakosana hata siku moja. Na Lazaro naye ni hivyo hivyo. Kwetu ndugu wa baba mkwe ni baba mkwe. Kwa hiyo Janeth ana wazee wawili asioweza kuwataja.

Barua aliiandika jioni moja. Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Mara inakimbia, mara inasimama. Inasimama kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Chungu, barua imeisha." Sauti ilikuwa ya furaha. Nami nikalala nimeshiba.

Kisa akapeleka karatasi zahanati. Nesi alikuwa na kliniki ya watoto, wamejaa mpaka nje. Akapiga picha, akatuma, akaendelea na watoto.

Wiki mbili kimya. Halafu Jumatano moja mchana simu ya Janeth ikalia. Nesi alikuwa amemrushia jibu la daktari, pamoja na ile picha ya barua. Nikangoja nisikie chungu kikiambiwa nini. Nikasikia mtu anavuta kamasi.

"Chungu," akasema mwishowe, "daktari hakuelewa barua. Anauliza wazee ni wawili au watatu. Anasema orodha inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Asipojua nani ni nani, hawezi kuwaweka."

Kisa akainuka. Akajifunga khanga, akaenda kumwita Mwalimu Restituta.

Mwalimu Restituta amepanga chumba kwa jirani yetu. Kwao ni Bukoba. Anafundisha Kiingereza sekondari, na huku ana mwaka wa pili. Ni mtu wa kuuliza. Siku ya kwanza kufika alimuuliza Kisa kwa nini chungu hakichomwi siku ya upepo. Siku ya pili akauliza samaki wetu mbasa anakaangwa au anachemshwa. Kinyakyusa anajua maneno mawili na hayo mawili anayatumia kila saa.

"Ugonile, babu," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Leo tuna shida."

Akakaa kizingitini. Upande mmoja sisi wazee, barazani. Upande wa pili Janeth na ukuta wake wa mianzi. Kisa yuko katikati na udongo wake mkononi, maana udongo haungoji kesi iishe. Mwalimu akachukua simu, akaangalia picha ya barua. Akasoma kimya. Akarudia. Akainua kichwa.

"Janeth, mdogo wangu, una mume mmoja?"

"Mmoja, madam," ikasema sauti ya jikoni.

"Mbona baba wakwe wako wawili?"

Lazaro akaniambia, "Kesi imeanza vibaya."

"Naomba niisome kwa sauti," akasema mwalimu. "Wazee wasikie wanavyosemwa." Akasoma: "'My father in law is sick of eyes. My father in law also is sick of eyes. He has sugar. He does not have.'"

"Yes sir," nikasema.

"Maana yake, babu, ni hii. Baba mkwe wangu anaumwa macho. Baba mkwe wangu pia anaumwa macho. Ana sukari. Hana."

"Ni kweli tupu," akasema Lazaro. "Kaka ana sukari, mimi sina."

"Wewe unajua kwa sababu mwili ni wako. Daktari atajuaje?"

Lazaro akakuna kidevu.

Mwalimu akaendelea. Barua ilisema aliyeanguka ziwani ni "he". Mtumbwi uliogonga jiwe ni "he". Aliyevimba kwa sindano ni "he". Atakayewaleta hospitali, bibi, naye ni "he".

Kisa akaacha udongo. "Mimi ndiye nani?"

"Wewe ni mzee wa kiume wa tatu, bibi. Ndiyo maana daktari anauliza kama mko watatu."

"Nimezaa watoto sita," akasema Kisa, akarudi kwenye udongo wake.

Mwalimu hakucheka. Akaisogeza simu karibu na macho tena. "Kuna kitu sielewi," akasema. "Janeth, makosa haya mengine nayajua. Kwa Kiswahili tunasema 'yeye', mwanamume yeye, mwanamke yeye. Tunasema 'anakuja', hatuambii ni baba au mama. Mwingereza anachagua. Mwanamume ni 'he'. Mwanamke ni 'she'. Kitu kama mtumbwi ni 'it'. Wanafunzi wangu wanachanganya kila siku. Lakini wewe umesoma mpaka kidato cha nne. Unajua jina linaandikwa. Mbona barua nzima haina jina hata moja?"

Jikoni mwiko ukakwangua sufuria.

"Umesahau majina yao?"

Hapo Kisa na Lazaro wakaguna. Mimi nikatazama chini. Tulikuwa tumejua sisi sote na hatukuwaza. Jambo ukilizoea hulioni.

"Mkono ulikataa, madam," akasema Janeth. "Nilifika kwenye jina, kalamu ikasimama. Nikajaribu tena, ikasimama. Nikaandika 'he'. Nikasema, basi 'he' itakuwa na heshima."

Mwalimu akageukia kwangu. "Babu, hata kuandika hawezi?"

"Kuandika ni kutaja," nikasema. "Karatasi inasomwa kwa sauti. Umeisoma mwenyewe sasa hivi."

"Na jina la ukoo?"

"La ukoo ni letu wote wawili. Halitamsaidia daktari. Na lenyewe kwanza ni la mzee aliyenizaa mimi."

Nikamweleza ukutila, na migomba, na chungu. Akauliza mengi. Je, ikiwa kuna nyoka? Nikasema chungu kinaambiwa habari za nyoka haraka haraka. Je, ninapoumwa? Nikasema uji unakuja, anayeuleta ni Kisa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwetu Bukoba mkwe naye ana mipaka yake. Ila chungu hatukitumii. Tungekipata kingetusaidia."

Halafu akasema, "Sasa niwaambie kwa nini 'he' peke yake imemshinda daktari. Neno hilo linasimama mahali pa jina. Lakini lazima jina liwe limepita kwanza. Msomaji analishika jina, halafu akiona 'he' anajua ni yule yule. Wanaume wakiwa wawili, 'he' inayumba. Haijui ikae kwa nani."

"Lakini tukiongea tunasema 'yule' na 'huyu' siku nzima," akasema Lazaro. "Na tunaelewana."

"Mnaelewana kwa kuwa mnaonesha kidole. Au mnainua kidevu."

Hapo mimi nikaelewa. Nikaelewa mpaka nikapiga goti langu kofi. Maana kwa miaka mitatu watu walikuwa wananiambia, "Mzee, yule pale anakuita." Yule yupi? "Yule pale." Wao wanaonesha kidole, na mimi kidole sikioni. Nasimama njiani kama nguzo. Nimewahi kumsalimia mbuzi.

"Chungu," nikasema. "Mwambie mwandishi wetu. Barua haina kidole. Daktari akisoma 'yeye, yeye', ni kama mimi nikiambiwa 'yule pale'. Anatazama, haoni mtu."

Sauti ya jikoni ikasema, "Chungu, nimeelewa."

"Na ni hatari, babu," akasema mwalimu. "Mmoja wenu penisilini inamvimbisha. Nani?"

"Mimi," akasema Lazaro. "Nilivimba uso mpaka mbwa wangu akanibwekea."

"Na mwenye sukari hapasuliwi kabla haijapimwa. Daktari akibadilisha watu, mwenye sukari atapasuliwa haraka, na asiyetakiwa penisilini atadungwa penisilini. Daktari huyu amefanya vizuri kuuliza. Wengine wangekisia." Akatoa kalamu. "Nipeni karatasi. Majina nitaandika mimi, tumalize."

Ilikuwa njia rahisi. Kisa akasema sawa. Lazaro akasema sawa. Lakini nikamsikia Janeth akishusha pumzi, na haikuwa pumzi ya nafuu. Barua ilikuwa kazi yake, aliyojivunia. Sasa inaondoka mkononi mwake kwenda kwa mwenye elimu kuliko yeye.

Nikasema, "Mwalimu, ngoja. Aandike yeye. Akifika kwenye jina, aache nafasi. Jina langu nitaandika mwenyewe. Ni langu. Mimi silioni aibu kulitaja."

"Unaona mstari, babu?"

"Sioni. Weka rula, nitaupapasa."

Lazaro akasema, "Kaka, mara ya mwisho umeandika jina lako lini?"

"Darasa la pili."

"Mungu amsaidie daktari."

Basi tukaanza. Janeth anaandika jikoni. Mwalimu anauliza kutoka kizingitini, hamwandikii. "Mzee wa kwanza ni nani kwako?" "Baba wa mume wangu." "Wa pili?" "Mdogo wake." "Vizuri. Usiseme baba mkwe wawili. Mgeni hajui desturi yenu. Huyo wa pili, Mwingereza anamwita 'uncle'." Kalamu inakimbia. Inasimama. Lakini safari hii ikisimama Kisa anachukua karatasi, anapita nayo mlangoni, ananiwekea gotini juu ya ubao wake wa udongo. Mwalimu anaweka rula. Mimi napapasa, naandika.

A-N-Y-E-L-W-I-S-Y-E. Herufi kubwa kama maharage. Nilikunywa maji baada ya W.

Karatasi ikarudi jikoni. Kalamu ikakimbia kidogo. Karatasi ikaja tena.

"Tena?" nikauliza. "Si nimeshaandika?"

"Hapa anasema Anyelwisye ana sukari," akasema mwalimu.

"Na baada ya hapo?"

"Anyelwisye jicho lake baya ni la kushoto."

"Mwalimu, jina langu ni refu. Sitafika Ijumaa."

Hapo mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza. "Babu, umefika mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya 'he'. Imewekwa kupumzisha mkono. Jina likishatajwa, na hakuna mwanamume mwingine aliyeingia katikati, andika 'he' tu. Janeth, futa nafasi hizo. Weka 'he has sugar'. Jicho lake weka 'his left eye'. Mzee apumzike."

"Na mimi nikiingia?" akauliza Lazaro.

"Ukiingia tunaandika jina lako. Kuanzia hapo 'he' ni wewe. Tukitaka kumrudia kaka yako, jina lake linaandikwa tena. Asije akameza dawa zako."

"Langu ni fupi," akasema Lazaro, akaandika mara moja, akanipuliza sikioni kwa kiburi. Z yake ilitazama nyuma, mwalimu akamgeuzia.

Kisa akauliza, "Na mimi mnaniandika jina?"

"Wewe, bibi, mwanamke uko peke yako kwenye barua. Janeth akisema mama mkwe wangu atawaleta, 'she' inatosha. Hakuna wa kukuchanganya naye."

"Andika pia kwamba anaona vizuri."

"'She sees well,'" ikasema sauti jikoni, hata kabla ya mwalimu.

"Na sisi wazee wawili tukiwa pamoja?" nikauliza. Sasa nilikuwa nimeanza kupenda mambo haya.

"'They'. Wao. Watakuja pamoja, 'they'."

"Na mtumbwi?"

"'It', babu. Mtumbwi hauumwi macho."

"Huujui mtumbwi wetu," akasema Lazaro.

Barua ilipoisha mwalimu aliisoma polepole, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Nikajisikia nikipita ndani yake. Anyelwisye ana sukari, jicho lake baya ni la kushoto. Lazaro hana sukari, jicho lake baya ni la kulia. Penisilini ilimvimbisha Lazaro. Anyelwisye anameza vidonge vya sukari kila asubuhi. Mtumbwi wao uligonga jiwe, umeshatengenezwa. Mama mkwe wangu atawaleta, anaona vizuri. Jina langu limo mara mbili, la Lazaro mara mbili. Lazaro alihesabu, kuhakikisha sikumzidi.

"Jina lako mwenyewe, Janeth, liandike chini," akasema mwalimu. "Ukisema 'I', daktari ajue ni nani anayesema."

Nesi aliituma Alhamisi asubuhi. Siku ile sikugonga chungu hata kimoja. Kisa aliniletea, nikagonga, nikamwambia hiki kinakohoa. Akasema hicho ni bakuli la plastiki. Nikaacha.

Ijumaa saa nne simu ikalia jikoni. Nikashika ukingo wa benchi.

"Chungu," akasema Janeth. Safari hii hakuvuta kamasi. "Daktari amejibu. Anasema, sasa nawaona wote wawili. Wamo kwenye orodha. Anauliza tu yale maandishi makubwa ni ya nani."

"Mwambie ni ya mwenye jina," nikasema.

Mwezi wa saba tukapanda kule juu, sisi wawili na Kisa. Pale hospitali kila mtu alikuwa na karatasi yake. Wakaita, "Anyelwisye, kushoto, sukari." Nikasema niko hapa. Wakanipima, sukari ilikuwa juu. Wakasema hatukugusi leo. Wakanipa dawa na chakula chao kisicho na ladha, mpaka siku ya tatu ikashuka, nikapasuliwa. Lazaro alipasuliwa siku ya kwanza. Yule daktari wa barua, kumbe ni mwanamke, aliangalia karatasi yake, akatikisa kichwa, akaagiza dawa nyingine isiyo penisilini. Lazaro hakuvimba. Aliendelea kuwa na sura yake ile ile, kwa bahati mbaya.

Waliponifungua kitambaa, kitu cha kwanza kuona ni vidole vya Kisa. Vilikuwa na udongo kwenye kucha. Wiki nzima hospitali na udongo haujatoka. Nikavishika.

Tulirudi nyumbani mchana. Kutoka barabarani mpaka kwetu ni njia ya miguu katikati ya kakao. Nikaona rangi ya njano ikisogea kwenye majani. Ikasimama. Ilikuwa kitenge. Janeth alikuwa anakuja kutupokea mizigo, akatuona, akaingia kwenye kakao kama desturi. Miaka mitatu alikuwa akijificha na mimi sioni chochote. Angeweza kusimama katikati ya njia. Hakusimama hata siku moja.

Sasa ninaona. Kwa hiyo na mimi nilikuwa na kazi yangu. Nikageuza jicho langu jipya upande wa ziwa, nikatembea hivyo mpaka nikapita.

Barazani vyungu vilikuwa vimepangwa, vipya, vinangoja kugongwa. Nikainua kimoja. Shingoni kulikuwa na mistari miwili, na nukta katikati yake.

"Kisa," nikasema. "Huu mstari wa pili umeanza lini?"

"Mwaka juzi."

"Hukuniambia."

"Ungeuonaje?"

Nikakaa na kile chungu mapajani. Mstari wa juu ulikuwa umepinda kidogo upande mmoja, mahali mkono ulipochoka. Nikauangalia muda mrefu.

Janeth siku hizi anaandikia watu barua. Wanakuja kutoka Mwaya hata na Lyulilo. Mtu akianza, "Andika kwamba yeye anaomba," Janeth anamkatiza, "Yeye nani? Jina kwanza." Na mkwe wa kike akikwama kwenye jina, anaachiwa nafasi, mwenye jina anakuja kulijaza.

Lakini siku ile ya kurudi nakumbuka tulikuwa tumekaa, mimi na Lazaro, tunashangaa mlima ulivyo na miti mingi. Jikoni kukanukia wali na mbasa. Ukuta wa mianzi ukasema, "Chungu, mwambie aliyerudi kwamba chakula kiko tayari."

Lazaro akajibu haraka, "Chungu, uliza ni yupi. Tumerudi wawili."

Nikamsikia Janeth akicheka kule ndani, kicheko ambacho kwa miaka sita sikuwahi kukisikia.

"Chungu," akasema, "waambie wote wawili."